Mtoto Akikamatwa na Polisi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mlezi, Tanzania Bara

Mtoto akikamatwa, mawazo ya mzazi hukimbilia mahakamani: wakili atatoka wapi, hakimu atasema nini. Lakini kesi nyingi za watoto huharibika mapema zaidi, kaunta ya kituo cha polisi, kwa mambo mawili: umri ulioandikwa kwa kukisia, na maelezo yaliyochukuliwa mtoto akiwa peke yake. Umri ukikosewa, mtoto anapelekwa njia ya watu wazima. Maelezo yakichukuliwa vibaya, karatasi hiyo itamfuata hadi siku ya uamuzi. Kwa hiyo humu tutakaa sana kituoni na kwenye suala la umri, halafu tutaendelea na mahakama hatua kwa hatua.

Sheria mama ni Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009 (Sura ya 13), pamoja na kanuni za mwenendo wa mahakama ya watoto zilizotangazwa mwaka 2016 kwa Tangazo la Serikali Na. 182. Zinafanya kazi bega kwa bega na Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20). Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, Na. 6 ya 2011, na mahakama zake. Aliye Unguja au Pemba asitumie mwongozo huu kama ulivyo. Msomaji wa Kenya naye ana Sheria ya Watoto ya 2022, yenye umri na taratibu tofauti.

Neno moja kabla hatujaenda mbali. Ukifika ofisi ya ustawi wa jamii utasikia "mtoto aliyekinzana na sheria". Nawe litumie. Ukimwita mwanao "mwizi" au "mhalifu" mbele ya askari kwa hasira, neno lako linaweza kuishia kwenye jalada.

Umri kwanza

Mtoto kisheria ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Ndani ya miaka hiyo kuna ngazi tatu, na kila moja ina matokeo yake.

Aliye chini ya miaka 10 hana jinai. Hata kama amechoma nyumba, hawezi kushtakiwa. Akipelekwa kituoni, kinachopaswa kufanyika ni kurudishwa kwa mlezi na suala kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Akifunguliwa mashtaka, mashtaka hayo hayana miguu, na hilo lisemwe siku ya kwanza kabisa.

Aliyetimiza miaka 10 lakini hajafika 12 naye hana jinai, isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kutenda hivyo. Angalia mzigo uko wapi: upande wa mashtaka ndio unaothibitisha uwezo huo. Mzazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwanawe hakujua. Wazazi wengi hawaambiwi hili, na kesi ya mtoto wa miaka 11 huendeshwa kana kwamba ana 16.

Kuanzia 12 hadi kabla ya 18 anaweza kushtakiwa, lakini kwa utaratibu wa watoto.

Kwa ngazi mbili za mwanzo, umri unaoangaliwa ni ule wa siku ya tukio. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 na miezi 10 siku mangi, mwenye duka, alipoibiwa simu hawi na jinai kwa sababu tu amekamatwa baada ya sikukuu yake ya kuzaliwa.

Sasa itazame hati ya mashtaka. Juu kabisa, kabla hata kosa halijatajwa, kuna taarifa za mshtakiwa: jina, umri, kabila, kazi, dini, mahali anapoishi. Ule mstari wa umri ndio wa kuutolea macho. Mara nyingi umejazwa na askari aliyemtazama kijana, akaona ameota ndevu mbili tatu, akaandika 18 au 19. Wakati mwingine kijana mwenyewe ndiye aliyejiongezea kwa kudhani ataonekana mkubwa na kuheshimiwa, au kwa sababu mwenzake ndani ya mahabusu amemwambia watoto hupelekwa mbali na kwao. Namba hiyo ndiyo inayoamua chumba atakacholala, mahakama atakayopelekwa na adhabu atakayopewa.

Kuthibitisha umri, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndicho kinachokubalika kirahisi kuliko vyote. Kama hakipo, usikae ukisubiri. Kusanya vingine vyote: tangazo la kizazi kutoka hospitali alikozaliwa, kadi ya kliniki ya chanjo, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, na barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye rejista siku anaandikishwa darasa la kwanza. Kadi ya kliniki ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu iliandikwa miaka mingi kabla ya kesi, wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Mzazi aliyemzaa naye anaweza kutoa ushahidi wa umri kwa kiapo.

Karatasi zikikosekana, mahakama ina wajibu wa kufanya uchunguzi wa umri, na inaweza kuagiza mtoto apimwe na daktari kwa meno na picha za mifupa ya kiganja. Kipimo hicho ni makadirio. Kinaweza kupishana na ukweli kwa mwaka au zaidi, na kwa kijana wa miaka 17 mwaka mmoja ni jambo kubwa. Kama una karatasi ya zamani hata moja, iwasilishe kabla daktari hajaitwa, si baada ya yeye kuandika "takribani miaka 19".

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua nakala tatu tatu za ushahidi wa umri, kitambulisho chako cha NIDA au cha mpiga kura, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, dawa kama mtoto ana pumu, kifafa, sikoseli au anatumia dawa za kila siku, nguo ya kubadilisha, daftari na kalamu. Kama ni usiku na barua ya mtaa haipatikani, nenda bila barua. Kufika mapema kuna maana kuliko kufika na kila kitu.

Mpigie mtu mmoja aje nawe. Mwenzako huyo atakuwa shahidi wa mlichoambiwa, na yeye anaweza kuandika wakati wewe unaongea.

Kituoni

Ukifika kaunta, jitambulishe kama mzazi au mlezi na uulize mambo manne, ukiyaandika hapohapo: anatuhumiwa kosa gani, alikamatwa saa ngapi na wapi, namba ya jalada ni ipi, na mpelelezi wa kesi ni nani. Kisha omba suala lipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kama kituo hicho kina dawati. Askari wa dawati wamefunzwa kukaa na watoto, na mara nyingi wana chumba chao cha mahojiano. Kama kituo ni kidogo, omba kuonana na mkuu wa kituo.

Polisi wanatakiwa kumjulisha mzazi au mlezi mara tu mtoto anapowekwa chini ya ulinzi, pamoja na kumwambia kosa analotuhumiwa. Kama uliambiwa na jirani baada ya siku mbili, andika hilo pia: nani alikuambia, lini, saa ngapi.

Tunafika kwenye maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo polisi huyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote. Hapa ndipo pa kukaza.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za mahojiano tangu mtuhumiwa alipowekwa chini ya ulinzi. Muda huo unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu, na uongezwaji huo unapaswa kuonekana kwenye kumbukumbu. Muda wa kumsafirisha kutoka alikokamatwa hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yamekuwa yakikataliwa na mahakama za juu. Ndiyo maana saa ya kukamatwa ni jambo la kuuliza na kuandika mara ya kwanza kabisa, kabla haijabadilika midomoni mwa watu.

Mtoto hatakiwi kuhojiwa peke yake. Anapaswa kuwa na mzazi, mlezi, ndugu, wakili au Afisa Ustawi wa Jamii. Ukiwa ndani, usimjibie na usimkaripie aseme ukweli. Kazi yako ni nne: kuhakikisha ameambiwa kosa analotuhumiwa na kwamba halazimiki kusema lolote, kuhakikisha swali linaulizwa kwa lugha anayoielewa, kuomba apumzike, anywe maji, aende haja akichoka, na mwisho, kuhakikisha anasomewa yote yaliyoandikwa kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Kama kuna neno ambalo hakulisema, lisahihishwe kwenye karatasi ileile na yeye aweke alama pembeni ya marekebisho.

Kosa la kawaida ni hili. Askari anaandika kwa haraka, kwa lugha yake ya kazi. Mtoto amesema, "Tulienda na Juma, mimi nilikaa nje." Karatasi inasomeka, "Nilikwenda eneo la tukio nikiwa na mwenzangu kwa lengo la kuiba ambapo mimi nilikuwa mlinzi." Kwa mtoto zote mbili zinafanana. Kwa hakimu, ya pili ni kukiri. Soma taratibu, neno kwa neno, hata kama askari anatazama saa.

Na usimwambie mwanao "kubali tu tuondoke". Hata mara moja. Mtoto akiambiwa kwamba akikubali atarudi nyumbani, atakubali chochote, na kukubali huko hakumrudishi nyumbani.

Ukiona jeraha, uvimbe au anachechemea, omba fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, palepale na umpeleke hospitali ya serikali siku hiyohiyo. Mwambie daktari aandike kila alama na ukubwa wake. PF3 ya siku ya tukio ina nguvu. Ya wiki moja baadaye itaulizwa maswali mengi. Kama kuna mateso, malalamiko yaandikwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima mahabusu, isipokuwa mtu mzima huyo awe ndugu yake. Vituo vingi havina chumba cha watoto, na jibu utakalopewa ni kwamba nafasi hakuna. Usibishane kuhusu majengo. Omba akae kaunta au ofisi ya dawati chini ya uangalizi, au apewe dhamana. Mtoto wa kike anapaswa kupekuliwa na kusimamiwa na askari wa kike.

Dhamana ya polisi

Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna ada ya fomu, hakuna "mafuta ya gari", hakuna "ya karatasi". Ukidaiwa, namba ya TAKUKURU ya bure ni 113.

Mtoto asipoweza kufikishwa mahakamani mara moja, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana, akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Anaweza kukataa kwa sababu tatu tu. Ya kwanza, kosa ni la kuua, au lina adhabu ya kifungo kinachozidi miaka 7. Ya pili, kwa faida ya mtoto mwenyewe inabidi atengwe na watu wabaya. Ya tatu, kuna sababu ya kuamini kwamba kumwachia kutaharibu haki.

Ile namba 7 ni muhimu. Wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu una kifungo cha hadi miaka 7, kwa hiyo hauzidi, na mtoto anastahili dhamana kituoni. Kuvunja nyumba kunazidi. Ndiyo maana ukaguzi wa kosa lililoandikwa una maana: simu iliyochukuliwa mezani ni wizi, lakini ukikuta imeandikwa "unyang'anyi", umetoka kwenye kosa dogo na kuingia kwenye kubwa. Uliza ni kitu gani kwenye tukio kinachofanya uitwe unyang'anyi. Unyang'anyi unahitaji nguvu au tishio. Ukiwa wa kutumia silaha, adhabu yake kwa mtu mzima huanzia miaka 30, na dhamana inakuwa ngumu sana.

Aliyekamatwa bila hati ya kukamata anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Watoto wengi hukamatwa Ijumaa jioni na kukaa hadi Jumatatu. Wikiendi haifuti haki ya dhamana ya kituoni. Rudi Jumamosi asubuhi, zamu ikiwa imebadilika, ukaombe tena.

Kama suala ni dogo, mathalani ugomvi wa shuleni au kioo kilichovunjwa, kuna nafasi ya kusuluhishwa, na hata mahakama yenyewe inaruhusiwa kuhimiza suluhu kwa makosa madogo ya shambulio na ya kibinafsi. Suluhu iandikwe, isainiwe na pande zote mbili na ionekane kwenye jalada, la sivyo mlalamikaji anaweza kuchukua fidia leo na kufufua kesi kesho. Makosa ya kujamiiana hayasuluhishwi nyumbani. Kujaribu kufanya hivyo kunaweza kukuweka wewe mwenyewe matatani.

Mahakama ipi, na inaonekanaje

Kesi ya mtoto inasikilizwa na Mahakama ya Watoto, na anayeketi ni hakimu mkazi. Hapa watu huchanganyikiwa, kwa sababu sheria inamruhusu Jaji Mkuu kuteua majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kama Mahakama ya Watoto. Kwa hiyo jengo linaweza kuwa la mahakama ya mwanzo na bado pakawa mahali sahihi. Cha kuangalia ni nani ameketi. Uliza karani kabla kesi haijaitwa: "Hakimu anayesikiliza ni hakimu mkazi, na amekaa kama Mahakama ya Watoto?" Kama ni hakimu wa mahakama ya mwanzo anaendesha kesi ya kawaida, mtoto asimame na mzazi wake waseme umri, na waombe kesi ihamishwe.

Makosa yote isipokuwa ya kuua yanamalizwa na Mahakama ya Watoto. Kesi ya kuua huenda Mahakama Kuu baada ya hatua za awali kwenye mahakama ya chini, na hatua hizo huwa ndefu. Mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inaweza kusikilizwa na mahakama ya kawaida. Hata huko yeye anabaki kuwa mtoto, na ulinzi wake kuhusu adhabu haupotei. Wakili anaweza kuomba mashtaka yatenganishwe, na kwa kawaida ni ombi lenye faida.

Ndani ya Mahakama ya Watoto hapatakiwi umati. Shauri linaendeshwa faragha, kwa maongezi ya kawaida kadiri inavyowezekana, bila kumrushia mtoto maneno ya kesi za wakubwa. Afisa Ustawi wa Jamii anatakiwa awepo, na mzazi, mlezi au rafiki wa karibu naye awepo. Mtoto ana haki ya kuwa na wakili na haki ya kutoa maoni yake. Ukiona mtoto amepandishwa kizimbani katikati ya watu wazima, mahakama ya wazi, pingu mkononi, simama kwa heshima useme: "Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa miaka kumi na nne, cheti chake hiki hapa. Naomba shauri lisikilizwe kama la mtoto." Hakimu ataandika kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, na kilichoandikwa kwenye mwenendo kinaweza kukatiwa rufaa. Kisichoandikwa, ni kama hakikusemwa.

Siku ya kwanza atasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Hatari iko kwenye neno "kweli". Mtoto husema "ni kweli nilikuwepo", au "ni kweli alinituma kaka". Hilo si kukiri kosa. Jibu lenye "lakini" ndani yake linapaswa kuandikwa kama kukana, na kesi isikilizwe. Mzoeze mtoto kusema jambo lote kwa sentensi moja: "Si kweli, sikuchukua." Na kama kweli ametenda na anataka kukiri, basi akiri baada ya kuongea na wakili. Baada ya kukiri husomewa maelezo ya tukio na kuulizwa tena. Ana nafasi ya kusema lipi kati ya hayo si sahihi.

Wakili wa bure hupatikana kupitia watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Uliza ofisi ya msajili msaidizi kwenye halmashauri, au ofisi ya ustawi wa jamii. Wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya kata watakusaidia kuandika barua, kukusindikiza na kukueleza taratibu, lakini hawawezi kusimama mahakamani kumtetea mtoto. Usiwalaumu kwa hilo. Waombe wakuunganishe na wakili. Namba ya huduma kwa mtoto, 116, ni ya bure na hupokea taarifa za mtoto aliye hatarini, akiwemo aliye mahabusu.

Asipopata dhamana

Mahakama ikikataa dhamana, mtoto anatakiwa kupelekwa mahabusu ya watoto, wala si gerezani. Tatizo ni kwamba mahabusu hizo ziko mikoa michache, ikiwemo Dar es Salaam, Arusha, Kilimanjaro, Tanga na Mbeya. Mtoto wa Kigoma yuko mbali na hizo. Ndiyo sababu utasikia ameandikiwa gereza la wilaya "kwa muda".

Hapo fanya mambo mawili siku hiyohiyo. Omba mahakama imkabidhi kwa ndugu au mtu anayefaa aliye karibu, na uwe na mtu huyo hapo mahakamani, mwenye kitambulisho na barua ya mtaa. Hakimu anakubali kirahisi anapomwona mtu kuliko anapotajiwa jina. Kama bado amepelekwa gerezani, mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kwa maandishi, na andika barua kwa Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu wa kanda yako ukiambatisha ushahidi wa umri. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuita jalada na kulipitia bila hata kusubiri rufaa. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya kesi, jina la mahakama, umri na tarehe aliyoingia gerezani inatosha.

Wakati huohuo, tembelea ofisi ya mashtaka ya wilaya au mkoa. Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo wa kuondoa kesi, na mawakili wa serikali husoma barua zenye ushahidi mzuri wa umri, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka 12.

Taarifa ya ustawi wa jamii

Hii ni karatasi inayodharauliwa kuliko zote, nayo huamua kama mtoto atarudi nyumbani. Afisa Ustawi huandika kuhusu mwenendo wa mtoto, mazingira ya nyumbani, maendeleo ya shule na afya yake, na mahakama huisoma kabla ya kutoa amri.

Maafisa hawa ni wachache na wana majalada mengi. Usingoje akutafute. Mpelekee mwalimu wa darasa aongee naye, mpe ripoti za shule za mihula miwili mitatu, onyesha anapolala mtoto. Mwambie pia ukweli usiopendeza: kama baba anakunywa, kama mtoto aliacha shule kwa kukosa sare, kama amekuwa akilala stendi. Afisa akiyajua mapema ataandika mpango. Akiyakuta mwenyewe kwa majirani, ataandika kwamba familia inaficha. Mpango mzuri una mambo yanayoweza kukaguliwa: shule atakayorudi, nani atakayekuwa naye mchana, fundi gani amekubali kumfundisha cherehani au uchomeleaji.

Amri zinazoweza kutolewa

Kwanza, mtoto hafungwi gerezani. Kifungu cha 119 cha Sheria ya 2009, kama ilivyotungwa, kilisema hivyo waziwazi, na kikasema ni hivyo hata kama sheria nyingine inasema tofauti. Wala mtoto hahukumiwi kunyongwa.

Mahakama inaweza kumwachia bila amri yoyote, kumwachia kwa sharti la mwenendo mwema, kumweka chini ya uangalizi wa afisa, kumrudisha wilayani kwao kwa gharama ya serikali, au kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa. Faini au fidia inaweza kuelekezwa kwa mzazi, hasa ikionekana uzembe wake ulichangia. Mzazi ana haki ya kusikilizwa kabla ya amri hiyo.

Amri nzito zaidi ni kupelekwa shule ya maadilisho, yaani shule ya bweni ya kuwarekebisha watoto. Nchi nzima inategemea Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Kwa familia ya Kagera au Mara, kumtembelea mtoto huko ni safari ya siku nzima au mbili kwenda tu, na watoto wengine hukaa muda mrefu bila kumwona mtu wa nyumbani. Kama amri hiyo inanukia, wakili aeleze umbali huo mahakamani na aonyeshe njia nyingine iliyo karibu.

Kuna eneo moja linalohitaji wakili bila mjadala: kijana anayetuhumiwa kubaka au kumpa mimba mwanafunzi. Kisheria msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa, kwa hiyo mvulana wa miaka 16 mwenye mpenzi wa miaka 16 anaweza kushtakiwa kwa kubaka. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu chake chenye viboko kwa mvulana wa miaka 18 au chini. Vyote hivyo lazima visomwe pamoja na katazo la kumfunga mtoto, na mara nyingi aliyekaa mahakamani hajakumbushwa katazo hilo. Kazi ya kulikumbusha ni ya utetezi. Umri hapa uthibitishwe mara mbili: wa mvulana na wa msichana.

Baada ya uamuzi

Mahakama inapaswa kumweleza mtoto haki yake ya rufaa. Siku zinaanza kuhesabika siku ya uamuzi, kwa hiyo usitoke kabla ya kumuuliza hakimu mwisho wa rufaa ni tarehe ngapi, na uandike. Palepale kwa karani, wasilisha barua ya kuomba nakala ya mwenendo na uamuzi, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Muhuri huo utakuokoa nakala zikichelewa.

Usitume picha ya mtoto kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, hata kwa kuomba michango. Utambulisho wake unalindwa, na picha ikishatoka hairudi. Mwalimu mkuu apelekewe nakala ya amri ya mahakama na mzazi mwenyewe, ana kwa ana, ndani ya wiki ya kwanza, kabla jina halijafutwa kwenye rejista kwa utoro. Siku alizokuwa mahabusu ziandikwe kama siku za kesi. Kama kuna masharti ya kuripoti kwa afisa, mwekee mtoto daftari dogo la tarehe na sahihi ya afisa kila anapokwenda. Sharti likidaiwa kuvunjwa, daftari hilo ndilo litakaloonyesha alikuwa wapi.